Mti wa ukoo usio na jina la ukoo

Hapa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, nimekuwa nikiingiza ukoo wetu kwenye kompyuta kwa mfumo wa GEDCOM, uliobuniwa na Kanisa la Mormoni mwaka 1984. Anayemtafuta Mmarekani wa karne ya 19 hushika jina la ukoo na kulifuata kwenye sensa, kizazi hadi kizazi.

Kwetu Wakikuyu majina huzunguka. Kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Tuseme Kamau amzae Njoroge: Njoroge naye atamzaa Kamau, na Kamau huyo atamzaa Njoroge. Ukitafuta kwa jina, babu na mjukuu ni mtu mmoja!

Kwa bahati GEDCOM humpa kila mtu namba yake. Basi nafasi ya jina la ukoo nimeiacha wazi, na mbari nimeiandika kwenye maelezo.

Lakini namba haijui ni Kamau yupi aliyehamia Bonde la Ufa. Anayejua ni nyanya yangu peke yake, naye amepita miaka 80. Programu itangoja, Jumamosi naenda kumrekodi.

Je, kwenu majina hurithiwa vipi?