Soko Halikuwa Baya

Tangu niuze nyumba yangu ya Columbus, Ohio, kila anayeniuliza kwa nini niliiachia kwa bei ile nimempa jibu moja: soko lilikuwa baya. Nimelitoa msikitini, nimelitoa harusini, nimelitoa kwenye simu kwa ndugu zangu Tanga. Leo nalifuta. Soko halikuwa baya. Nyumba mbili za mtaa uleule ziliuzwa msimu uleule na wenyewe wakaondoka wanacheka. Yangu niliiharibia bei mimi mwenyewe, na niliiharibia bafuni.

Ilikuwa nyumba ya chini, vyumba vitatu na bafu moja, ya aina iliyojengwa kwa wingi Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Bafu lilikuwa la futi 5 kwa 8, na upande wake mmoja wote ulishikwa na hodhi la kuogea, lile la mtu kujilaza ndani. Lilikuwa la chuma kizito, rangi yake nyeupe imeanza kubabuka karibu na tundu la kutolea maji. Sisi tulioga humo wima, chini ya bomba la mvua, pazia la plastiki likitugandia migongoni. Kwa miaka 11 sikumbuki kulijaza maji hata siku moja.

Nililichukia, na chuki yangu ilikuwa na asili. Mimi nimekulia ndoo na kata. Kwetu maji ya kuoga humwagwa mwilini yakaenda zake. Mtu kukaa ndani ya maji aliyokwisha kujisugulia, hilo mimi niliona ni kujipikia mchuzi wa uchafu wake mwenyewe. Kwa hiyo tulipokubaliana kuuza tuhamie karibu na mwanetu, jambo la kwanza nililotaka ni kuling'oa dude lile, nitie bafu la kisasa: marumaru kutoka sakafuni hadi darini, hakuna kizingiti, kioo kisafi, na bomba la mvua pana kama sinia.

Mke wangu alikuwa akilea watoto wa Wamarekani majumbani mwao, kwa hiyo ya ndani yao anayajua. Aliniuliza swali moja tu.

"Watoto wao watawaogeshea wapi?"

"Kwani sisi tuliogeshwa kwenye hodhi?"

"Nyumba hii hatujiuzii sisi, Baba Asha."

Nikamtolea takwimu. Huko Marekani kuna ripoti ya kila mwaka iitwayo Cost vs. Value, inayolinganisha gharama za kukarabati nyumba na kiasi kinachorudi wakati wa kuuza. Ya 2024 ilisema bafu la kiwango cha kati hurudisha karibu asilimia 74. Niliishika asilimia hiyo kama hirizi, wala sikuitazama vizuri. Ukitia 100 zikarudi 74, 26 zimezama. Hapo hakuna faida ya kumkoromea mke. Na liko linaloniuma zaidi. Bafu lililopigiwa hesabu katika ripoti ile limetiwa hodhi jipya, la inchi 30 kwa 60. Nilitetea kung'oa hodhi kwa takwimu za kuweka hodhi.

Fundi alikuwa kijana wa Kikongo, hodari. Hodhi la chuma ni shida kulitoa zima, basi alilifunika blanketi kuukuu, akalipasua kwa nyundo ya kuvunjia mawe. Kila pigo lilitikisa vikombe kabatini. Alipokigeuza kipande kimoja, tukaona mwaka umechorwa ndani ya chuma chenyewe: 1956.

"Papa, hii kitu ilikuzidi miaka," akaniambia.

Tukacheka. Siku hizi nikikumbuka, nasikia kama nilikuwa naonywa.

Kazi yake sina la kuilaumu. Bomba la maji machafu lilikuwa la inchi moja na nusu. Alilitoa akaweka la inchi 2, kwa kuwa kwenye sakafu wazi maji hayana pa kusubiri kama yanavyosubiri ndani ya hodhi. Sakafu aliipa mwinamo wa robo inchi kwa kila futi. Kabla ya kupanga marumaru aliziba tundu, akajaza maji, akayaacha usiku kucha aone kama yatavuja. Hayakuvuja. Nikamlipa dola 9,400, na siku ya kwanza nikaoga mara tatu.

Dalali alipokuja kuikagua nyumba, mama mtu mzima, mstaarabu, alisimama kwenye mlango wa bafu akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama kuna bafu jingine. Ndipo akanieleza kwamba bafu lenye choo, sinki na bomba la mvua bila hodhi, baadhi ya madalali huliandika kuwa ni robo tatu ya bafu. Yaani nyumba yangu iliyokuwa na bafu moja, sasa haikuwa hata na moja zima.

Nani hununua nyumba ya vyumba vitatu na bafu moja? Swali hilo lingenigharimu kikombe cha chai kulifikiri. Wengi waliokuja walikuwa vijana wanaoanza maisha. Mmoja namkumbuka kwa sababu siku hiyo nilichelewa kuwapisha. Mtoto kambeba kiunoni, na tumbo lake ni la miezi kama saba. Alifungua mlango wa bafu, akapitisha kiganja kwenye marumaru, akasema pazuri sana. Kisha akaangaza kushoto na kulia.

"Hodhi liko wapi?"

Nikamwambia halipo. Akamtazama mtoto, akalitazama tundu lililo katikati ya sakafu, akatabasamu kwa adabu. Hawakurudi.

Aliyenunua mwishowe ni mtu wa kupangisha. Alikata bei, na sababu hakuificha: wapangaji wake ni wenye watoto, kwa hiyo angeondoa kioo na marumaru arudishe hodhi, la plastiki ngumu, la bei nafuu. Basi nililipa kuling'oa, kisha nikalipa kulirudisha.

Sisemi bafu lisilo na kizingiti ni baya. Kwa mzee asiyeweza kuinua mguu kuvuka ukingo wa hodhi, ni nusura. Mwenye mabafu mawili na ang'oe hodhi moja, alibakishe jingine. Asiyekusudia kuuza na aoge apendavyo. Kosa langu mimi ni kwamba nilikuwa nahama nyumba ile, nikaikarabati kana kwamba ndiyo kwanza nahamia.

Wiki iliyopita alinipigia mwenzetu mmoja, anataka namba ya yule fundi. Anauza nyumba, na picha za bafu langu bado anazo kwenye simu.

"Kwako mna mahodhi mangapi?" nikamuuliza.

"Moja tu, na nimelichoka."

"Umelichoka wewe."

Akacheka, akadhani ni utani. Akaniuliza, mbona langu niling'oa, na je, bei yangu kuanguka ni lile soko tu? Jibu langu la siku zote lilikwishafika ulimini. Mke wangu alikuwa mezani anachagua mchele. Kichwa hakuinua, ila kidole chake kilisita kwenye sinia.

Nikamsimulia mwenzangu kisa chote, tangu nyundo hadi plastiki, kwa sauti ya kumtosha na mwenye kuchagua mchele.