Baridi Haina Kosa

Kwetu Nyasura, mjini Bunda, mtu akiamka vidole vimekakamaa, sababu inajulikana kabla hajafika kwa daktari: ni baridi. Ulifua alfajiri. Ulilala sakafuni. Ulipalilia pamba kwenye umande. Hata jina la ugonjwa linaunga mkono: baridi yabisi.

Mama mkubwa wangu ameibeba lawama hiyo miaka mingi. Vifundo vyake vimevimba mikono yote miwili, na asubuhi kusonga ugali ni mateso. "Si tulikwambia uache maji ya baridi?" majirani humwambia, kana kwamba ugonjwa ameutafuta mwenyewe.

Maji hayana kosa. Kinachomla ni kinga ya mwili wake. Askari waliowekwa kupigana na vijidudu wamegeuka, wanaushambulia utando laini ulio ndani ya viungo, kisha gegedu na mfupa.

Siku moja nilimsimulia habari za wanawake tisa wa Marekani. Kuanzia mwaka 1996, Christopher Evans na Paul Robbins wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walichukua seli za viungo vyao, wakazipandikiza jeni inayotengeneza protini ya kuzuia uvimbe, wakazirudisha kwenye vifundo vya vidole. Wiki moja baadaye vifundo hivyo vilitolewa na kuwekwa vya bandia, kama ilivyokuwa imepangwa. Jeni ilikutwa inafanya kazi.

"Yaani kiungo kijipikie dawa chenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na wao walipona?"

Hapana. Walitoa viungo ambavyo tayari vilikuwa vinaondolewa, ili wengine wajifunze. Alinyamaza, akaviangalia vidole vyake.

Njia hiyo haijanyooka. Mwaka 2007 mwanamke mmoja wa Illinois alifariki baada ya kuchomwa gotini kirusi kilichobeba jeni ya namna hiyo. Uchunguzi ulikuta maambukizi makali ya fangasi, naye alikuwa pia akitumia dawa zinazoshusha kinga. Kuichezea kinga si mchezo. Lakini mwaka 2021, kule Erlangen, Ujerumani, madaktari walimtibu binti mwenye lupasi, ugonjwa wa ukoo huohuo, kwa kuzipa seli zake jeni ya kuwinda seli zilizoasi. Tangu hapo njia hiyo imeanza kujaribiwa pia kwa wagonjwa wa baridi yabisi.

Mama mkubwa aliuliza swali nililolitegemea: "Bunda itafika lini?" Sikumpa mwaka. Nilimwambia asiache vidonge vyake vya metotreksati, anavyomeza mara moja kwa wiki, wala vipimo vya damu vya kuangalia ini. Havina maajabu ya jeni, lakini vinawatuliza askari walewale. Na mfupa ukishaliwa haurudi. Kila mwezi unaopita tukilaumu maji, kuna kiungo kinachoharibika.

Hilo ndilo alilolishika kuliko habari za Pittsburgh. Siku hizi akimwona mwenzake anakunja vidole kwa shida, hamuulizi alifua saa ngapi. Anamuuliza: "Asubuhi vinachukua muda gani kulegea?" Akisikia ni saa nzima, na vimevimba mikono yote miwili, anamwambia, "Nenda ukapime, mwanangu. Hiyo siyo baridi."