Ulitafuta Wapi?

Wasee, mtakumbuka ile video yangu ya juisi ya mkaa. Nilichanganya ule unga mweusi wa mkaa wa dawa na maji ya ndimu, nikanywa, meno yakawa meusi kama ya mzee wa mtaani anayetafuna tumbaku, mkacheka. Ilienda mbali kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Na mwishoni nikasema, kwa ujasiri kabisa: "Nimetafuta, hakuna utafiti wowote unaosema hii kitu ina madhara."

Mfuasi mmoja, dada anayesomea uuguzi, akanijia inboksi. Hata salamu hakuna. "Ulitafuta wapi? Ulitumia maneno gani? Lini?"

Nikaona huyu amekuja kunichokoza tu. Nikamjibu, "Google, kama kila mtu." Akaniandikia: "Mimi hunywa kidonge cha kupanga uzazi kila asubuhi. Hiyo juisi yako ninywe ama nisinywe?"

Hapo nikanyamaza. Nilifungua historia ya simu yangu, na simu haina huruma. Nilikuwa nimeandika "faida za mkaa". Nikasoma kurasa tatu, na mbili kati yake zilikuwa zinauza huo unga. Basi. Hiyo ndiyo "nimetafuta" yangu. Ukiuliza faida, utapewa faida, utategemea nini kingine? Nilipotafuta tena, safari hii nikiweka mkaa pamoja na dawa, ilinichukua dakika chache kujua kwamba hospitalini mtu aliyemeza sumu hupewa mkaa huo huo kwa sababu unainasa sumu tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Na mkaa hauchagui. Ukikuta sumu unanasa, ukikuta kidonge chako cha asubuhi unaweza kukinasa pia. Haikuwa siri. Ni kazi yake.

Nikamwambia ukweli, nikaifuta video. Kumbe hakuwa amemaliza na mimi. Akanielekeza nisome kuhusu Ellen Roche.

Ellen alikuwa na miaka 24, mzima wa afya, akifanya kazi kwenye kituo cha pumu cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Mwaka 2001 alijitolea kwenye utafiti pale pale, akavuta kwa pumzi dawa inayoitwa heksamethoniamu. Mapafu yake yakaharibika, na tarehe 2 Juni akafariki. Sasa, mtafiti hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa ametafuta kwenye PubMed, ile hifadhidata kubwa ya makala za tiba, na hakuona onyo kuhusu mapafu. Shida ni kwamba wakati huo PubMed ilianzia 1966. Makala zilizohusisha dawa hiyo na madhara ya mapafu zilikuwa za miaka ya 1950, ilipokuwa ikitumika kutibu presha. Zilikuwepo, zimechapishwa, ila nje ya mlango wa pale alipotafuta.

Miaka 24. Karibu umri wangu.

Kuna aina ya utafiti inaitwa mapitio ya kimfumo. Timu inachukua swali moja, inakusanya tafiti zote zilizowahi kufanywa juu yake, inazichuja, halafu inasema zote kwa pamoja zinaonyesha nini. Madaktari na wanaoandika miongozo ya matibabu huyategemea sana. Lakini hilo neno "zote" ndilo lenye kesi. Zote kutoka wapi? Ndiyo maana kuna mwongozo unaitwa PRISMA, ulitoka 2009, ukaboreshwa 2020. Unawataka waandishi wataje kila hifadhidata waliyoingia, tarehe ya mwisho waliyotafuta, na maneno waliyoandika, yote, neno kwa neno, pamoja na mipaka waliyojiwekea kama lugha au miaka. Mwaka 2021 ukatoka mwingine, PRISMA-S, wenye mambo 16 ya kutafuta peke yake.

Kwangu mimi hii ni Fomu 34A. Mnakumbuka 2022, fomu za vituo zaidi ya 46,000 zikiwekwa kwenye tovuti, na kila msee mwenye bando akageuka mtu wa hesabu? Hukulazimika kumwamini anayetangaza. Ungeweza kujumlisha mwenyewe. Sasa fikiria mtu anatangaza mshindi tu na kukuambia, "tulihesabu vituo mbalimbali."

Kuna watafiti waliochukua mapitio 100 ya afya wakajaribu kurudia utafutaji wake. Ni moja tu lililotoa maelezo ya kutosha kulirudia lote. Moja! Na hao ni watu wenye shahada, si mimi na ndimu yangu. Sidhani wengi wao wanaficha kitu. Nadhani ni uvivu, na ile imani kwamba hakuna atakayeuliza. Naijua hiyo imani vizuri sana.

Wiki iliyopita nimeposti upya kuhusu mkaa. Chini nikaandika kila kitu: nilitafuta PubMed na Google, tarehe, maneno yote niliyotumia, na kwamba nilisoma Kiingereza tu. Mwenye dawa zake nikamwambia amuulize mfamasia kabla ya kugusa huo unga. Watazamaji ni wachache mno, hata robo ya ile ya kwanza haifiki.

Yule dada alikuwa wa kwanza kukomenti. "Fiti. Lakini wengine huuita kaboni. Mbona hukutafuta hilo neno?"

Nimerudi kwa simu.