Selimundu imetoka wapi? (Sehemu ya 3)

Mama zangu, mama mmoja wa Bunda aliniuliza: "Nesi, mimi na baba yake wazima, mtoto selimundu kaitoa wapi?"

Kwenu wote wawili. Ukiwa na kinasaba kimoja cha selimundu huumwi, tena malaria kali haikupati kirahisi. Mtoto akirithi viwili, anaumwa, na malaria kwake ni hatari.

Mwaka 1956 Daktari Anthony Allison alichapisha vipimo vya Musoma: watoto wadogo 287, wenye selimundu 9, watu wazima 654, wenye selimundu 5 tu. Enzi hizo wengi hawakufika ukubwani.

Siku hizi wanafika. Mpime mapema, alale kwenye chandarua, kliniki asikose. Na msilaumiane.