Barabara ni ya Nani?

Sisi walimu tumezoea kuandika juu ya makosa ya watu wengine: wazazi wasiopeleka watoto wao shuleni, vijana wasiopenda kazi za mikono, na mengine kama hayo. Leo naomba nafasi niandike juu ya kosa langu mwenyewe, kwa maana kosa hilo ndilo lililonifumbua macho, nikaona jambo nililokuwa nikipita kando yake kila siku nisilione.

Mimi nilizaliwa kijijini, na huko kwetu njia ilikuwa ya kila mtu. Mwenye mzigo kichwani, mwenye ng'ombe, mwenye baiskeli, wote walipishana kwa salamu. Motokaa ilipotokea, nayo ilikwenda polepole kwa sababu ya mashimo, na dereva akatupungia mkono. Basi nilipomaliza chuo cha ualimu cha misheni nikapelekwa kufundisha Dar es Salaam, nilikwenda na fikira hiyo, kwamba njia ni mahali pa watu. Siku ya kwanza tu niliona kuwa mjini sivyo.

Shule yetu iko upande mmoja wa barabara ya lami, na nyumba za wanafunzi walio wengi ziko upande wa pili. Kando ya lami hapakuwa na njia ya mwenda kwa miguu. Palikuwa na mtaro wa maji, na baada ya mtaro kuta za nyumba. Wakati wa masika mtaro ulijaa, watoto wakapanda juu ya lami yenyewe, wakatembea mmoja nyuma ya mwenziwe, daladala zikiwapita karibu hata kuwapeperusha nguo. Mimi nilikuwa na baiskeli niliyorithi kwa baba yangu, nami nikaanza kwenda nayo kazini. Mara mbili nilisukumwa nikaangukia mtaroni. Tena wenzangu wakanicheka, wakasema, "Mwalimu, hapa mjini baiskeli ni ya muuza mkate na muuza samaki. Mtu wa heshima hupanda gari." Nikaona haya, nikaiweka ile baiskeli nyuma ya nyumba, nikaifunika gunia.

Sasa nitaeleza kosa langu. Kengele ya shule yetu hupigwa saa moja na nusu asubuhi, nami nilikuwa mwalimu wa zamu mwenye kusifiwa kwa ukali. Nilisimama langoni na fimbo, na kila aliyeingia baada ya kengele alipata haki yake. Nilidhani ninafundisha adabu ya saa. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini waliochelewa walikuwa daima wale wa ng'ambo ya barabara, wala kwa nini walifika wakitweta.

Asubuhi moja kengele ilipolia, mtoto mmoja wa darasa la tatu alikuwa bado amesimama upande wa pili, akingoja magari yapungue. Aliposikia kengele akakimbia. Nilisikia breki, kisha nikasikia kelele za watoto. Tulipofika tukamkuta amelala kando ya lami, mguu wake umevunjika mahali pawili, na madaftari yake yametawanyika barabarani. Dereva alishuka akitetemeka, tukampakia mtoto katika gari lile lile lililomgonga, tukampeleka hospitali.

Jioni nikaenda kumtazama. Mama yake alikuwa ameketi kando ya kitanda. Nikamwambia, "Pole sana, Mama." Akajibu, "Nimeshapoa, Mwalimu." Tukanyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ya upole, "Mwalimu, dereva nimemsamehe, kwa sababu alisimama asikimbie. Lakini nina neno moja nataka ulijue. Mwanangu anasema hakulitazama gari. Alikuwa akiikimbia fimbo yako."

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nikaaga, nikaenda nyumbani kwa miguu, na usiku ule sikupata usingizi. Tuliwafundisha watoto waiogope barabara: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, ndipo uvuke. Mafundisho hayo ni mema. Lakini mtoto akitazama kulia akaona magari, na kushoto akaona magari, na kulia tena akaona mengine, afanye nini? Yeye ametimiza lake. Sisi wakubwa tulikuwa hatujatimiza letu.

Asubuhi iliyofuata niliiacha fimbo ofisini, nikaenda kusimama pale barabarani na kitambaa chekundu mkononi, nikawavusha. Na juma lililofuata nikafanya somo la hesabu kuwa somo la barabara. Wanafunzi wa darasa la sita walisimama ndani ya ua wa shule na madaftari yao. Hawa wahesabu motokaa, hawa bodaboda, hawa baiskeli, na hawa wahesabu waendao kwa miguu. Tulipojumlisha ubaoni tuliona jambo lililotushangaza wote. Waliopita kwa miguu walikuwa wengi kuliko waliopita ndani ya motokaa zao wenyewe. Tena binti mmoja akainua mkono akasema, "Mwalimu, hata aliyepanda daladala, akishashuka naye huwa mwenda kwa miguu." Nikamwambia, "Umenena kweli kuliko mwalimu wako." Basi barabara ile ilikuwa imejengwa kana kwamba watu walio wengi hawapo.

Somo lililofuata lilihusu mwendo. Niliwaonyesha kwamba gari likizidisha mwendo wake mara mbili, nguvu yake ya kugonga haizidi mara mbili, bali mara nne. Kwa hiyo tofauti ya kilometa 30 kwa saa na kilometa 60 si ndogo kama madereva wadhaniavyo, maana mara nyingi ndiyo tofauti ya mguu uliovunjika na kaburi. Shirika la Afya Duniani katika taarifa yake ya mwaka 2023 limeeleza kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao 1,190,000 kila mwaka duniani, na kwamba zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Hakuna ugonjwa wala jambo jingine liuwalo watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko ajali hizo. Sisi tumezoea kusema, "Ni ajali, bahati mbaya." Lakini jambo litokealo mahali pale pale, saa ile ile, kwa watoto wale wale, haliwezi kuitwa bahati.

Basi kamati ya shule ikakutana, na mwenyekiti wa mtaa akahudhuria. Tukaandika barua, tukaambatisha hesabu za watoto. Tuliomba vitu vitatu tu: matuta mawili ya kupunguza mwendo, kivuko chenye milia mbele ya lango, na njia ya miguu juu ya mtaro uliofunikwa. Tukaenda ofisini watu wanne, na mmoja wetu alikuwa mama wa yule mtoto. Mkubwa aliyetupokea alisoma barua, kisha akasema, "Matuta yatachelewesha magari." Mama yule akajibu kwa adabu, "Bwana, na mwanangu amecheleweshwa miezi minne yuko kitandani." Yule bwana akainamisha kichwa. Lakini siku ile tulirudi mikono mitupu.

Nikakata tamaa. Aliyenitia moyo ni mwalimu mwenzangu wa jiografia. Akaniambia, "Unadhani wenzetu walizaliwa na njia za baiskeli?" Akanieleza habari za Uholanzi, nchi ambayo leo ina baiskeli nyingi kuliko watu wake. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945, Waholanzi nao walijaza magari mijini na kubomoa nyumba ili kuyapisha. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika barabara zao, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Mwandishi mmoja wa gazeti, Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake barabarani, aliandika makala mwaka 1972 akitaka mauaji ya watoto yakomeshwe. Maneno hayo yakawa jina la chama cha wazazi, Stop de Kindermoord. Akina mama na akina baba wakafunga mitaa ili watoto wacheze, wakaandamana kwa baiskeli, wakaenda kwa wabunge wao, wakarudi tena walipokataliwa. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Lakini siku hizi wafao barabarani katika nchi ile hawafiki elfu moja kwa mwaka, ingawa watu na magari yameongezeka.

Akaniambia tena, "Wala huna haja ya kwenda Ulaya." Kweli, hapa hapa Dar es Salaam waendesha baiskeli waliunda umoja wao, UWABA, wakafanya misafara ya baiskeli njiani ili waonekane na kudai njia zao. Na shirika liitwalo Amend lilizunguka shule za mji huu kutazama watoto wapitapo, likaweka njia za miguu, matuta, vivuko na vizuizi vya kuzuia magari, na mahali pengine likahamisha hata lango la shule kulielekeza upande ulio salama. Vitu hivi si vya gharama kubwa. Wataalamu walipopima, waliona kwamba watoto walioumizwa na magari walipungua kwa kadiri ya robo. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipewa tuzo ya WRI Ross Center, ikashinda miji mingi ya dunia.

Basi tulirudi ofisini. Tulirudi mara ya pili, mara ya tatu, na mara ya nne tulikwenda pamoja na diwani. Bandu bandu huisha gogo. Mwishowe mafundi walikuja, wakajenga matuta, wakapiga milia, wakafunika sehemu ya mtaro. Siku ya kwanza watoto walivuka wakicheka, na baadhi yao walirudi wakavuka mara ya pili kwa furaha tu.

Sitawadanganya kwamba mambo yote yamekwisha. Njia ya miguu ilipokamilika, juma la pili tu bodaboda waliifanya kituo chao, na wachuuzi wakaweka meza. Kati ya hao alikuwamo jirani yangu auzaye vitumbua, naye ni mzazi wa shule yetu. Nilipomwambia, akaniuliza, "Mwalimu, niuze wapi?" Neno lake lilikuwa na haki, kwa sababu wateja wake ndio hao waendao kwa miguu. Tukapatana asogee ndani ya kiwanja cha shule kando ya ukuta, na wale wa bodaboda tukawapa mahali pao mbele ya mti. Hata zile njia nzuri za miguu na za baiskeli zilizowekwa kando ya Barabara ya Morogoro, mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwaka 2016, mara nyingi nimezikuta zimezibwa kwa pikipiki na biashara. Njia ikishajengwa lazima itunzwe na wenyewe. Na rangi ya milia hufutika, basi kila mwaka huandika barua tena.

Yule mtoto alipona, ila huchechemea kidogo, na kila asubuhi aniamkiapo, "Shikamoo, Mwalimu," mimi huutazama mguu wake kwanza kabla ya kuitikia. Kengele yetu hupigwa saa ile ile. Lakini achelewaye haulizwi tena kwa nini amechelewa. Huulizwa, "Umevukaje?" Nami ile baiskeli ya baba yangu nimeifunua gunia, nimeitia mafuta, nami huja nayo kazini. Walionicheka sasa ni wachache, na wawili miongoni mwao wameomba niwatafutie za kununua.

Huenda mtasema, "Haya ni mambo ya mjini, sisi yatuhusu nini?" Yanawahusu sana. Lami inakuja vijijini, nasi sote tunaifurahia, kwa sababu hupeleka mgonjwa hospitali na mazao sokoni. Lakini siku lami iingiapo, yale mashimo yaliyokuwa yakizuia mwendo huondoka, na njia ya salamu huwa njia ya mbio. Basi msingoje mpaka mtoto avunjike. Wahandisi wajapo kupima, waulizeni: Watoto wa shule watavuka wapi? Mama mwenye ndoo atapita wapi? Mwenye baiskeli atakwenda upande gani? Barabara kuu na za mikoa zinaangaliwa na TANROADS, na za wilaya, mijini na vijijini, zinaangaliwa na TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Andikeni barua kupitia serikali ya kijiji, mhesabu watu wenu, mpeleke hesabu pamoja na maneno. Mkikataliwa, rudini. Kujenga njia ya miguu pamoja na barabara ni rahisi kuliko kuitafutia nafasi baadaye, nyumba zikiisha kujengwa ukingoni.

Nilianza kwa kuuliza barabara ni ya nani. Jibu langu ni kwamba ni yetu sote, lakini kwanza ni ya yule aumiaye upesi. Mwenye nguvu na ampishe mnyonge, kama tulivyofundishana tangu zamani njiani kwetu. Nasi walimu tulio na fimbo na kengele tuangalie tusiwe sababu ya mtoto kukimbilia hatari.

Wasalamu,
Mimi ndugu yenu, Mwalimu.