Lami Ilipovuka Rufiji

Siku hizi basi linaondoka Lindi alfajiri na mchana liko Mbagala, Dar es Salaam. Wapwa zangu hawaoni ajabu yoyote. Nilipokuwa mdogo safari hiyo ilikuwa ya kiangazi tu. Masika yakishika, Mto Rufiji ulijaa bonde zima, magari yakasimama, na sisi wa Lindi na Mtwara tukabaki na meli. Asiyeipata meli alikuwa na njia ya kuzunguka Masasi, Tunduru na Songea, nayo sehemu ndefu ilikuwa udongo mtupu.

Hata kiangazi, kufika mtoni ilikuwa kazi. Kutoka Nangurukuru hadi Somanga, kisha Nyamwage, basi lilipita kwenye mchanga unaomeza magurudumu na mfinyanzi unaoteleza kwa manyunyu kidogo tu. Likikwama, utingo waliruka chini na majembe, wanaume wakasukuma, akina mama wakafunga watoto mgongoni na kutangulia kwa miguu. Pale Ndundu tulikuta foleni ya kusubiri pantoni. Malori ya korosho yalipangana na mabasi, wauza samaki wa kukaanga wakipita madirishani. Pantoni ikiharibika, mlilala hapohapo na mbu wa bondeni. Niliwahi kumwona mgonjwa amelazwa kwenye mkeka chini ya mwembe, anapelekwa Hospitali ya Muhimbili, ndugu zake wakiutazama mto bila la kufanya. Kwa ajili ya watu kama yule, sijawahi kuiona barabara hii kuwa jambo la wahandisi peke yao.

Daraja la kuvuka Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa karibu kilomita moja, kwa fedha za Serikali na mikopo ya Kuwait na Mfuko wa OPEC. Likapewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi. Mara ya kwanza tulipolivuka, marehemu baba alimwomba dereva asimame ng'ambo, akashuka, akautazama mto kwa muda mrefu. Abiria hawakunung'unika, wengi walishuka pia.

Lakini daraja halikuwa barabara. Lami ya Nangurukuru, Mbwemkuru hadi Mingoyo ilikuja baadaye, na kipande cha Ndundu–Somanga, kilomita 60 tu, kikachelewa mwaka hadi mwaka. Kilomita hizo 60 ndizo zilizoamua safari nzima. Lori lilikimbia vizuri pande zote mbili, kisha likalala kwenye tope katikati, na bei ya saruji Lindi ikapanda kwa sababu ya tope hilo. Kipande hicho kilipokamilika, katikati ya muongo uliopita, ndipo Kusini ilipounganishwa kweli. Samaki wa Kilwa wakaanza kufika Dar na barafu yao haijayeyuka.

Kilichopotea ni meli. Abiria walihamia kwenye mabasi, na gati la Lindi, ambalo tulizoea kulijaza kwa mizigo na vilio vya kuagana, likapoa. Nasikitika, kwa sababu mkoa wenye bahari haukupaswa kutegemea njia moja.

Hilo tulilikumbuka Mei 2024. Mvua kubwa na Kimbunga Hidaya viliikata barabara maeneo ya Somanga. Maji yalibomoa makalvati na kula tuta la lami, malori na mabasi yakapangana pande zote mbili, mafuta na bidhaa zikasita kufika Lindi na Mtwara. Mafundi walirudisha njia baada ya siku kadhaa, nami nawashukuru. Ila kurudisha njia hakutoshi. Vijito vya Kilwa ambavyo kiangazi mbuzi huvivuka bila kulowa tumbo vinahitaji madaraja ya juu na mapana, yaliyopimwa kwa mvua za sasa, na vinayahitaji kabla masika mengine hayajashika.