Mnene na Mwembamba

Mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza kwenye vijiji vya Paje na Jambiani, nilikuwa mtoto wa kumfuata mama pwani kila bamvua. Yeye huinama, anafunga vishada kwa taitai kwenye kamba. Mimi huburuta gunia. Mwani ulikuwa wa namna mbili: mnene na mwembamba. Mnene ulikuwa na bei, mwembamba tuliuuza kwa shingo upande. Sababu hatukuambiwa.

Nilikuja kuijua ukubwani, maabarani. Nilipewa unga wa karajinani, ile sukari ya mwani inayogandisha, uliotoka kwenye mnene, gramu 2 kwa mililita 100 za maji, nikauchemsha na kuutia kloridi ya potasiamu. Kabla sijamimina, jeli ilikwishaganda ndani ya bilauri, mabonge matupu! Siku ya pili nikawahi kumimina juu ya kioo ingali ya moto. Utando ulikauka mwangavu, mgumu. Nilipoukunja ukalia ta! ukakatika. Mwingine niliutia chumvi ya mezani. Huo, ulipoguswa na maji, ukageuka ute.

Ndipo nikaujaribu mwembamba kwa chumvi ya kalsiamu. Utando wake ulikuwa laini kama ule wa juu ya maziwa, ila huu ulivutika na kurudi.

Siri imo kwenye minyororo ya sukari ya mwani, inayojisokota kama kamba. Ya mnene ina salfeti 1 kwa kila sukari 2, nayo hushikamana hasa ikipata potasiamu. Ya mwembamba ina salfeti 2, hukaa mbalimbali kidogo, na kalsiamu ndiyo huipatanisha. Sodiamu, chumvi tunayoijua sote, haipatanishi kitu.

Miaka hiyohiyo maji ya pwani yalizidi joto, mnene ukawa unaoza kambani. Mama akabaki na mwembamba, ule wa bei ya kutupa.

Likizo moja nikampelekea utando wa huo mwembamba. Akaukunja mara mbili, akaukunjua, akautazama juani. Haukuwa na hata mstari.

"Mnene huu?"

"Mwembamba, mama."

"Umeutia nini, mwanangu?"

"Kalsiamu. Ile iliyomo kwenye chokaa."

Hakusema neno. Akaukunja tena, akaufunga kwenye pindo la kanga, pale anapofunga pesa.